Darubini Ndani ya Sweta la Mama Rachida

Tarehe 31 Machi 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Rachida Alimasi anashuka ngazi za mnara wetu wa kuongozea ndege kwa mara ya mwisho akiwa kazini. Miaka yote hiyo ameongoza ndege ndogo zinazotua Lubumbashi zikitoka Pweto na kwingineko, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akifanya haraka.

Alizaliwa katika familia ya mafundi cherehani kutoka Maniema, akaanza kama karani wa redio, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Mambo mawili yalimpa sifa ambayo hakuiomba. La kwanza ni sweta lake la sufu la kahawia, alilolivaa mwaka mzima kwa sababu ya kiyoyozi. Tulimtania kwamba litapandishwa cheo kabla yetu. La pili ni miwani. Kila asubuhi aliipaka kipande cha sabuni kikavu, akaifuta kwa kitambaa laini mpaka ing'ae, ili isishike ukungu atokapo kwenye baridi ya ndani kwenda kwenye joto la nje. Kwa sababu hiyo hiyo darubini ya mnara aliitundika msumarini barazani, ndani ya mfuko wake, izoee hewa ya nje.

Mkuu wetu Rigobert hakupenda kitu cha thamani kining'inie kama kikaango. Januari 2019 aliamuru kifungiwe kabatini, chini kabisa ya kiyoyozi. Mama Rachida alipinga mara moja tu, kisha akatii.

Wiki hiyo hiyo, mvua ilipokatika tu, rubani Kasereka alituita akitokea Pweto: taa ya kumwonyesha kwamba gurudumu la kushoto limeshuka haiwaki. Aliomba apite chini mbele ya mnara tumwangalizie magurudumu. Alikuwa na abiria watano. Mmoja wao alikuwa Victorine, mke wangu.

Mama Rachida alichukua darubini kabatini, akatoka nayo barazani. Lenzi zikashika ukungu papo hapo, nyeupe tupu. Akazifuta, zikashika tena. Ndege ikapita na kelele zake, na sisi wenye macho matupu tukaona magurudumu matatu, mimi kuliko wote, kwa kuwa ndiyo niliyotaka kuyaona.

"Mama, ziko tatu," Rigobert akasema. "Umuambie ashuke."

Mafuta ya Kasereka yalikuwa yanapungua, na wingu jingine lilikuwa linakuja. Mama Rachida akashika redio.

"Kasereka, miye siyaona. Fanya tour ingine."

Nilimchukia wakati ule kwa kusema hajaona, sitaficha. Yeye aliingiza darubini ndani ya sweta, akaikumbatia tumboni kwa mikono miwili, akasimama akiipasha joto huku ndege ikizunguka tena. Ndege iliporudi, aliitoa ikiwa safi, akatazama.

"Roue ya gauche iko nusu. Usishuke."

Kasereka akapanda tena juu na gurudumu lake la kushoto lililoshuka nusu, akapiga pampu ya mkono ya kulishushia. Alipopita mara ya tatu, Mama Rachida alitazama mpaka tukadhani hatajibu kamwe. Kisha akamwambia kwamba yote matatu yameshuka na yamenyooka. Ndege ikatua. Victorine akatoka akilalamika kichefuchefu, akauliza ni nani aliyekuwa anawazungusha vile.

Rigobert mwenyewe ndiye aliyepigilia msumari mpya barazani, mkubwa kuliko wa kwanza. Na kila aliyekuja kujifunza kazi baada ya siku ile, Mama Rachida alimfundisha kwanza kutosema ameona kabla hajaona, hata akililiwa machozi.

Mama Rachida, tunakushukuru kwa yote, na zaidi kwa ile "siyaona" yako. Kapumzike nyumbani kwako Bel-Air na wajukuu, na sweta nalo lipumzike. Tunakuombea afya na miaka mingi isiyo na zamu. Chakula cha leo amekipika Victorine, na ameomba wewe uanze.