Glopu ya Yai Mlangoni kwa Kondo

Kijiwe chetu kiko hapa Kibiti, kwenye benchi la Haruni muuza kahawa, pale malori ya Kilwa yanaposimama kupoza injini. Baada ya alasiri tunakaa kusema ya watu, na mimi sioni aibu, maana watu nao wanasema yetu. Siku hiyo tulikuwa na kesi nzito. Jana yake mzee Kondo, tunayemwita Mikoko kwa kuwa amekata boriti kule delta mpaka mgongo ukapinda, alikuta ganda la yai limetundikwa juu ya mlango wake. Hakulishika kwa mkono. Alilitoa kwa jani la mgomba, akaenda kulivunja njia panda. Mjukuu wake Zamda aliporudi na kulikosa, alilia mpaka akalala, na asubuhi akagoma kwenda shule.

– Lile lilikuwa glopu, Mikoko, alisema Bwanaheri. Huyu tunamwita Swichi. Aliwahi kuwa boi wa Mzungu Dar es Salaam, na hadi leo akiingia chumba chenye giza, mkono unapapasa ukuta kutafuta swichi.

– Glopu ndiyo kitu gani? aliuliza Kondo.

– Taa ya umeme. Kichupa cha duara, ndani mna uzi wa chuma. Mwalimu Mwantum kawafundisha watoto watoboe yai, wapulize ute utoke, wapitishe uzi wa kumbi la nazi, kisha wafinyange kitako cha udongo. Wajue taa ilivyo kabla hawajaiona.

– Ningejuaje mie? Yai tupu, uzi ndani, juu ya mlango. Kwetu delta hiyo siyo taa, ni kazi ya mtu, uchawi. Mwanangu Sadala, baba Zamda, yuko Dar, Ramadhani ya tatu hii hajarudi. Nikasema basi, ndicho kilichomfunga asirudi.

– Hata mie ningelivunja, nilimwambia, na nilisema kweli.

Haruni alikuwa anamimina kahawa.

– Hebu Swichi, huo uzi wa chuma unawakaje usiungue?

– Unapata homa. Umeme ukiingia, uzi unashikwa na homa kali, ndiyo mng'ao ule. Ukizima, homa inashuka.

– Ndiyo maana Wazungu hawaishiwi kwinini.

– Mie naona hatari nyingine, nilisema. Bwana DC akipita na gari lake, akaona kila mlango una glopu, ataandika kuwa Kibiti imeshapata taa. Nguzo zitapelekwa kwa wengine, sisi tubaki na maganda.

– Na kuku wakiyaona maganda yao yametundikwa, alisema Haruni, watakwenda kutagia Utete.

Tulicheka. Kondo hakucheka, alikuwa anazungusha kikombe tu.

– Swichi, ulipokuwa Dar, hukumwona Sadala?

Swichi alitazama barabarani.

– Nilimwona mara moja, gatini, kabeba gunia. Nikamwita. Hakugeuka.

– Labda hakusikia.

– Labda, mzee wangu. Pale pana kelele.

Hapo ndipo alipofika mwalimu Mwantum mwenyewe, kajifunga kanga mabegani. Hakukaa, benchi letu si la wanawake.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mwalimu.

– Mzee Kondo, nimetoka kwako kumwangalia Zamda. Anataka atengeneze glopu nyingine leo leo. Nikamwambia, mwanangu, ile haiwaki, ni ya kujifunzia. Akasema anajua haiwaki. Ila baba yake alimwambia Dar taa hutundikwa juu ya mlango, mtu akirudi usiku aijue nyumba yake. Anaogopa baba atakuja gizani, atapita.

Kondo aliweka kikombe chini.

– Kisha kaniuliza jambo, aliendelea mwalimu. Nikaona nije kwenu, nyie wakubwa. Baba yake anarudi lini?

Mimi najua habari za kila mtu hapa Kibiti, hata zile ambazo wenyewe hawajazijua, lakini ya Sadala sikuwa nayo. Haruni akafuta birika lililokuwa safi. Lori la kutoka Dar likasimama, likashusha abiria na magunia ya chumvi, sote tukageuza shingo. Sadala hakuwamo.

Lori lilipoondoka, Kondo akainuka.

– Haruni, una yai bichi?

Haruni aliingia ndani akatoka nalo. Kondo akalipokea kwa mikono miwili, ile mikono iliyozoea shoka, akamgeukia mwalimu.

– Nielekeze, mwanangu. Naanza kutoboa upande gani?