Gunzi kwenye Bomba la Pumzi

"Hii injini inapumulia wapi?" Niliuliza hivyo mara mbili kwenye benchi la Phanice, muuza kahawa wa Isebania, mkabala na foleni ya malori ya mpakani. Mbele yetu ilisimama pikapu ya marehemu baba, umri wake mara mbili ya wangu, boneti wazi, mafuta yakivuja kila kiungo. Ndiyo hubeba ndizi za mama kwenda sokoni. Saa tisa mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja kuikatakata, kwa sababu watu wa benchi hili walishamwambia mama kwamba injini imekufa.

Wa kwanza kusema alikuwa Willis, anayeitwa Daktari kwa kuwa hupima magonjwa ya magari bila kuyagusa.

— Ni haya mafuta ya magendo, nyathina, mwanangu. Ni mepesi. Yanapenya hata chuma.

Nikamwonyesha stiki ya kupimia mafuta, imefungwa kwa mpira wa tyubu isiruke. Kama ni wepesi wa mafuta tu, nani anairusha? Willis akafikiri, akasema gari inaomboleza, haijakubali mkono mwingine kwa usukani. Phanice akaongeza kwamba kwao Uriri posho mill, mashine ya kusaga unga, ilitema mafuta hivyo hivyo mpaka ikaombewa.

— Kwa hivyo injini itubu?

— Huyu wa chuo anadebate na chuma, Willis akawaambia wenzake.

Mzee Nchagwa, fundi wa gari hiyo tangu nikiwa darasa la pili, alitazama kikombe chake tu.

Nikawaeleza, kwa hasira, nilichosoma: kila injini huvuja moshi kidogo kando ya pistoni, ukashuka kwenye mafuta chini. Injini nzee huvuja zaidi. Moshi huo lazima utoke. Ukikosa mlango, unasukuma mafuta nje kupitia kila sili ya mpira inayoyazuia. Nikafuata bomba la mpira kutoka kifuniko cha juu hadi kichujio cha hewa, nikalichomoa. Ndani kulikuwa na gunzi la mahindi, limeviringishwa kitambaa cha buluu. Nilikijua. Sare yangu ya praimari.

Phanice akaanza kufuta vikombe vilivyokuwa safi.

— Nani aliziba hapa?

— Baba yako, Nchagwa akasema. — Harufu ya mafuta ilikuwa inaingia ndani, inashika nguo za kwaya za mama yako. Nilimwambia atoe. Akasema mvua ikiisha. Kifo hakikungoja iishe.

— Na mama ukamwambia injini imekufa?

— Ningesema nini, Pauline? Eti mume wake ndiye aliinyonga? Hata ningelitoa kimyakimya, angeuliza ni nini kilichoiponya. Hata mwaka haujaisha. Kwetu hatuendi kwa mjane na makosa ya marehemu.

Kumbe walijua wote. Magendo, maombolezo, maombi, yote yalikuwa blanketi la kumfunika baba yangu. Waliona heri mama apoteze gari kuliko apoteze heshima ya mumewe, na hakuna aliyemuuliza yeye angechagua nini.

Nchagwa akafungua ule mpira wa tyubu. Nikawasha. Bomba likatoa moshi mwembamba. Ringi za pistoni zimelika, hilo sikatai. Lakini stiki ilitulia mahali pake.

Ilikuwa saa saba na nusu.

— Mzee, tafadhali. Twende umwambie mama hivyo ulivyoniambia.