Fowsiya Kulow na Mnyama wa Abshir

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote, kuanzia Hulugho hadi Banissa. Leo tunamkumbuka Daktari Fowsiya Kulow, binti wa Garissa, mtafiti wa visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Fowsiya alitutoka Alhamisi iliyopita, nyumbani kwao Garissa.

Kazi yake ilikuwa wanyama wenye kwato waliotoweka zamani sana. Alifungua droo za makumbusho, akatoa mifupa iliyoandikwa "haijulikani", akatafuta ukoo wake.

Mumewe, Abshir, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Gari lake ndilo lililompeleka Fowsiya porini. Siku moja, katika korongo nje ya Banissa, Abshir ndiye aliyeona taya dogo likichungulia udongoni. Hawakuwa na kitu cha kulifungia. Akavua shati, akalifunga, akaendesha gari kifua wazi hadi mjini.

"Watu walidhani nimemnyang'anya shati!" Fowsiya alipenda kusimulia, akicheka.

Haukupita muda mrefu, Abshir akafariki kwa ugonjwa wa figo. Fowsiya akalichunguza lile taya. Meno yake hayakufanana na ya mnyama yeyote aliyejulikana. Akatangaza spishi mpya, jamaa wa twiga mwenye shingo fupi, akaipa jina la Abshir.

Jina hilo lilidumu miaka mingi. Kisha, katika droo nyingine, Fowsiya akakuta taya lenye meno kama yale yale, na chini yake meno makubwa yakianza kuota. Hayo makubwa aliyajua. Yalikuwa ya mnyama aliyepewa jina tangu zamani. Kumbe taya la Abshir halikuwa la spishi mpya. Lilikuwa la ndama aliyekuwa bado na meno ya utoto. Na kwa kanuni za wataalamu, jina la kwanza ndilo linalobaki.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameligundua hilo. Binti yake, Ikran, anakumbuka: "Nilimwambia, hooyo, yaani mama, nani atajua? Liache jina la baba. Akanijibu, 'Mimi najua, Ikran.' Halafu akalia."

Kabla ya kuchapisha, alisafiri kutoka alikofanyia kazi hadi Garissa kumweleza mama mkwe wake, Bi Rukiyo. Njia nzima hakula kitu. Alijua anakwenda kumwondolea mama jina la mwanawe.

Bi Rukiyo alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo huyo alikuwa ndama?"

"Ndiyo, mama. Ndama."

"Na mama yake mmempata?"

"Tumempata."

"Basi mrudishe kwa mama yake. Mimi wangu namjua jina."

Akamvuta Fowsiya kifuani.

Fowsiya akachapisha. Spishi ya Abshir ikafutwa, na aliyeifuta ni mjane wake mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Ikran, na ukoo wote wa Kulow. Mwenyezi Mungu amrehemu Fowsiya. Nasi tulio hai tujiulize: lipo jambo gani tunaloling'ang'ania kwa mapenzi tu, huku tukijua si kweli?

Bi Rukiyo bado yuko nasi. Tulipomwomba aseme neno kuhusu mke wa mwanawe, alitusahihisha.

"Binti yangu," alisema. "Semeni hivyo redioni. Binti yangu."