Bwana Ansbert, Karani wa Nyumba za Misiba

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1955, Bwana Ansbert atakabidhi funguo za chumba chake na kustaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Ingekuwa hiari yetu sisi makarani wenzake, tusingemwachia. Wapo wanaosema afadhali, sasa ofisi haitanukia ndizi za kuchemsha kila saa sita mchana. Hao nao tutawaona watakavyozikumbuka wiki ijayo.

Alikuja kutoka Bukoba mwaka 1927, kijana wa misheni mwenye mwandiko mzuri na viatu vinavyong'aa kupita kiasi. Akapewa kazi ambayo kila karani alikuwa akiikwepa: mfanyakazi wa mji akifariki, aende nyumbani kwa marehemu, awajue mke na watoto, kisha afuatilie malipo yao mpaka yatoke. Wafagizi, wazoa taka, wachimba mitaro, wote walikuwa wa kwake. Vichochoro vya Temeke na Kinondoni alivijua kwa baiskeli kuliko sisi tuliozaliwa humu.

Msiba wake wa kwanza ulikuwa Temeke, na aliuvuruga. Aliingia na viatu vyake mpaka juu ya mkeka, akatoa penseli, akaanza kuuliza umri wa watoto. Mzee mmoja alimshika mkono akamtoa nje. "Karani, hata maiti hajatoka?" Habari hiyo ilichekwa Temeke yote, na kila alikopita alitaniwa.

Aibu ile ilimfunza adabu za pwani, na kwa bahati mbaya alizishika kuliko wenyewe. Tangu hapo hakutaja malipo kabla ya arobaini kupita. Kama mjane ni Mwislamu na anakaa eda, hakupiga hata hodi mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Wazee walimsifu sana. Sisi nasi tulimsifu, maana siku hizo malipo hayakuwa na haraka.

Kisha ikaja kanuni mpya: mjane aweke alama ya dole gumba mbele ya karani ndani ya miezi mitatu tangu kifo, la sivyo malipo yanafutwa. Bwana Ansbert aliisoma, akaiweka kando. Aliamini hakuna mkubwa atakayemnyima mjane haki yake eti kwa sababu amekaa eda. Mwaka 1941 lori la taka lilipinduka, akafa Bakari, mzoa taka wa Mwananyamala. Mkewe, Mwanabaraka, akakaa ndani, na Bwana Ansbert akasubiri. Alipotoka eda, karani alifika asubuhi ileile na kifurushi cha sukari, akachukua dole gumba, akarudi ofisini akipiga mluzi. Jibu la wakubwa lilikuwa fupi: muda umepita.

Alibishana nao mpaka akapewa onyo, asisikilizwe. Mwanabaraka akauza nyumba aliyoijenga na mumewe, akahamia chumba cha kupanga hukohuko Mwananyamala, na mwanawe mkubwa akaacha shule. Inatuuma kuyaandika haya katika karatasi ya sherehe ya kumuaga, lakini mwenyewe ndiye aliyetuomba. Alisema yasipokuwamo, sherehe tuifanye bila yeye.

Baada ya hapo aligeuza kabisa namna ya kufanya kazi. Alimwomba mkewe, Bibi Kokushubila, awe anaingia kwa wajane. Mama huyu alikwenda na kibati cha wino ndani ya khanga, akakaa nao mkekani, akalia nao kweli, kisha akachukua dole gumba. Mumewe alisimama uani, ameupa mlango kisogo, akiisoma kanuni kwa sauti kubwa kana kwamba anawahubiria kuku. Mkubwa mmoja aliyewakuta hivyo alicheka mpaka akatoa kitambaa, lakini alikubali kuwa dole limewekwa mbele ya karani. Tangu hapo hatukumbuki mjane aliyekosa malipo kwa kuchelewa. Bibi Kokushubila hakupewa na ofisi hata nauli, na hilo ni aibu yetu.

Sasa wote wawili wanarudi Bukoba. Karani atakayeshika nafasi yake ni kijana mwema, ila hajaoa, na tulikuwa tukiumiza vichwa nani ataingia kwa wajane. Wiki iliyopita mchimba mitaro wetu mmoja alifariki Kinondoni. Tulipofika msibani tulimkuta Mwanabaraka ameshatangulia, amekaa ubavuni kwa mjane, anamweleza habari za ile miezi mitatu. Hakuna aliyemwita.

Tulimshukuru, tukamwomba aje kwenye sherehe ampe Bwana Ansbert mkono wa buriani. Alitutazama kwanza. "Nimesikia anaondoka. Kazi hii nitawasaidia, kwa ajili ya wanawake wenzangu. Mkono siji kumpa. Mwambieni bado."

Tulimfikishia Bwana Ansbert ujumbe kama ulivyo. Akauliza kama kweli amesema bado, au hataki kabisa. Tukamwambia amesema bado. Akatuandikia anwani yake ya Bukoba, tumpelekee Mwanabaraka.

Ahsante, Bwana Ansbert. Ahsante, Bibi Kokushubila. Treni na meli ziwafikishe salama, mkapumzike kwenye migomba yenu, na tunaomba kwa moyo wote salamu kutoka Mwananyamala iwafikie mngali hai.