Kelvontae Akiwa Hana Mpira

Benchi la mbele ya duka la matairi la Grubbs, katika mji mdogo wa Pinder, kusini mwa Georgia, lina wazee wanne, na wote wanne ni makocha. Kila asubuhi wanakunywa kahawa, wanamenya karanga za kuchemsha, na wanaamua mambo ambayo hakuna aliyewaomba waamue. Msimu huo wote jambo lilikuwa moja tu. Kelvontae Pettway, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mchezaji wa ule mpira wa kubeba kwapani na kuangushana, alikuwa na kasi ambayo Pinder haikuwahi kuiona, na bado hakuna chuo kikuu kilichomwita kukichezea.

Ransom Pettway, dereva mstaafu wa basi la shule, ndiye babu yake. Yeye na mkewe Ernestine walimlea kijana tangu akiwa wa kubebwa. Kahawa ya benchi ilitoka kwa Ernestine, kwenye chupa kubwa ya chai, kwa hiyo Ransom alikaa katikati, akawamiminia wenzake, na kujifanya mambo ya mjukuu hayamnyimi usingizi. Yalimnyima. Kijana mmoja wa mji wa jirani, mzito kama trela, alikuwa ameshachukuliwa na chuo. Kelvontae alisikia habari hizo mezani, akasema, "Safi sana," halafu akaacha kuku nusu kwenye sahani. Kelvontae hakuwa mtu wa kuacha kuku.

Alhamisi hiyo Grubbs ndiye aliyeanzisha. Hutembea na stopwochi, saa ya kupimia mbio, mfukoni, na amempima kijana mara nyingi kuliko daktari. Alisema vyuo vinapotoshwa na saa. Saa yake ni nzima, ila kidole gumba chake kina baridi yabisi na huchelewa kubonyeza. Kwa hiyo kijana ana kasi kuliko inavyosomeka, na siku atakapopimwa na mtu mwenye kidole kizima, watu watalia.

Dewberry alitikisa kichwa. Huyu huitwa Kocha kwa sababu ana filimbi shingoni, si kwa sababu amewahi kufundisha timu.

— Tatizo ni vifundo vya miguu, alisema. Vyembamba. Vyuo siku hizi vinatuma watu kuvipima kwa siri. Yule muuza viatu aliyepita hapa, mnadhani alikuwa muuza viatu?

— Aliniuzia viatu, Grubbs alisema.

— Alikupima mguu?

— Alinipima.

— Basi ujue umekosa chuo kwa umri tu.

Shemasi Odom, ambaye ni shemasi kweli ila ukweli wake huishia mlangoni mwa kanisa, alisema wote wanapapasa gizani. Kelvontae alibatizwa mtoni mwezi wa Januari, na yeye Odom ndiye aliyemshika bega. Maji yalikuwa kama barafu. Mtoto alitoka humo mbio, akaipita kwaya, akayapita magari, na kwa maoni ya Shemasi hajasimama hadi leo.

— Si ubatizo, ni mbwa wa Bi Strickland, Ransom alisema. Alikuwa akimkimbiza kila asubuhi njiani kwenda shule.

— Na wewe ndiwe uliyekuwa dereva wa basi, Shemasi alisema. Mbona hakupanda?

— Nilikuwa namwacha makusudi.

Ransom alisema hivyo kwa utani, lakini wenzake walilidaka jambo lile. Haikupita muda wakakubaliana kuwa chuo chenye akili kingeanza kwa kumchukua mbwa, maana alimkosa kijana kidogo tu, tena bila viatu. Shemasi aliongeza kuwa vifundo vya mbwa ni vyembamba zaidi, na hakuna aliyewahi kuvilalamikia.

Wakiwa bado wanacheka, gari dogo la kijivu liliingia, tairi la mbele limeishiwa upepo. Alishuka mwanamke wa makamo, mwenye kofia ya bluu. Grubbs alikwenda kuvuta mpira wa pampu shingo upande. Ransom alimmiminia mgeni kikombe, na ndicho kikawa cha mwisho. Mgeni aliuliza wanamzungumzia nani, wakamjibu wote kwa mpigo. Kocha hata aliinuka akakimbia hatua chache kumwonyesha kijana anavyokata kona, akarudi akiwa ameshika kiuno.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Alikunywa kahawa yake, kisha akauliza:

— Akiwa hana mpira, huwa anafanya nini?

— Nani?

— Huyo kijana. Mpira akipewa mwenzake, yeye hufanya nini?

Grubbs aliacha pampu ikipuliza hewani. Kocha alitafuta jibu kwenye filimbi yake, akalikosa. Ransom alifungua kinywa, yeye ambaye hakuwahi kukosa mchezo hata mmoja, akakuta hana kitu. Alimwona Kelvontae akilini, akipenya, akiwaacha watu wameshika upepo. Lakini kila mara mpira ulipokwenda kwingine, macho ya babu yalikwenda nao.

— Huwa yupo, alisema mwishowe.

Mgeni alishukuru kwa kahawa. Alisema yeye ni msaidizi wa kocha katika chuo kimoja cha kaskazini, na kesho atakuwa uwanjani. Gari lilipoondoka, Kocha alisema alikuwa amemtambua tangu alipoiona kofia.

Ijumaa jioni Ransom alikaa jukwaani akiwa ameapa moyoni kutoutazama mpira. Alidhani hiyo ni siri yake, mpaka alipoona wenzake watatu wameinamia upande uleule, kama watu wanaosoma gazeti moja.

Hapo ndipo alipoona. Mpira ulikuwa kwa mrushaji, yule mwenzake anayewarushia wengine, na Kelvontae hakuutafuta. Yeye, mdogo wa umbo, alijipanga mbele ya mrushaji kumkinga, na adui mkubwa kama jokofu lenye miguu akaja mbio kumvamia mwenzake. Kelvontae akampokea kwa kifua. Akanyanyuliwa, akalazwa chali, akainuka. Mara ya pili vilevile. Mwenzake alipoanguka, alikwenda akamvuta mkono na kumpigapiga kofia yake ngumu. Ransom aliikumbuka michubuko ambayo Ernestine aliikanda kwa barafu kila Jumamosi. Siku zote alidhani ni ya kukimbia.

Jokofu lilirudi kwa hasira zaidi. Safari hii Kelvontae aliinama chini kabisa, na lile dubwana likapinduka juu yake na kutua kama gunia la karanga. Mrushaji akapata nafasi, akarusha mbali. Uwanja mzima ukainuka, ngoma zikalia. Wazee wanne nao walikuwa wamesimama, wameshikana mabega, wakimtazama kijana aliyelala katikati ya uwanja akichekea mbingu.

Ernestine, aliyekuwa amekwenda kununua soda, alipanda ngazi akihema.

— Nani amefunga?

Walitazamana.

— Waulize wengine, Ransom alisema. Sisi tulikuwa tunamtazama Kelvontae.

— Ndiye aliyefunga?

— Hapana, alisema, akicheka na macho yamemlowa.

Chini yao kidogo, mwanamke wa kofia ya bluu alikuwa ameshainuka. Alishuka ngazi kumwendea kocha wa shule, na hakugeuza kichwa hata mara moja kuona mpira umeishia wapi.