Giaboksi ya Chuma Hasa

Kwenye kivuko cha Pangani, Samiha alikuwa akimnyonyesha mwanawe, masikio yake kwa wanaume wawili walioegemea gari la mbio la zamani. "Giaboksi ya oto, ile inayojibadilishia gia yenyewe, ilikuwa dhaifu, injini ikiitafuna. Nimetia manyuo, ya kubadilisha gia kwa mkono, chuma hasa!" alisema mwenye gari, akiipapasa boneti kama bibi harusi.

"Na mkeo manyuo anaijua?" aliuliza mwenzake, mzee abiria aliyeegemea naye.

"Hajaigusa, ami. Atajifunza."

"Si umesema ana mimba ya miezi minane, nawe kesho unavuka Pemba? Yarabi! Uchungu ukimshika, atajifunzia njiani kwenda hospitali?"

Samiha alisahau hata kujifunika. Mwenye gari aliukodolea macho usukani. Kivuko kikagusa ng'ambo, na magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi.