Clotilda Mukandayisenga, Aliyekataa Kutenganisha Mbegu

Ndugu waombolezaji, kabla udongo haujamfunika mama yetu, mtuvumilie tuwasomee alikotoka.

Clotilda alizaliwa Bugarama tarehe 12 Machi 1926, mtoto wa tatu wa mzee Emilian. Alipofika darasa la pili alitolewa shule akalee wadogo zake. Hakusahau: mwaka 1973, kwenye kisomo cha watu wazima, alimsahihisha mwalimu hesabu mbele ya darasa zima.

Tarehe 4 Agosti 1945 alifunga ndoa na Leonidas Niragira wa Bukiriro. Mama mkwe alimpokea kwa chungu cha maharage ya kila rangi, yamehifadhiwa kwenye majivu. Akamwambia, "Haya hupandwa pamoja. Hujui mvua itakayokuja."

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijijini, Bwana Shamba akatujia na chati. Kila akitoka semina alirudi na njia mpya, na ile ya jana tukaambiwa ni ujinga. Mara mistari, mara mashimo, mara wote tupande tarehe moja. Marehemu akamuuliza mkutanoni, "Wewe mwenyewe umeshakula ulichopanda hivyo?" Watu walicheka. Bwana Shamba hakucheka.

Mwaka 1976 akaja na kali zaidi: mbegu zote za mchanganyiko zipelekwe ghalani zipikwe, zipandwe nyeupe peke yake. Atakayeficha, ndani! Marehemu alipeleka nusu. Nusu nyingine aliisukuma chini ya kitanda cha binti yake Zita, aliyejifungua siku mbili kabla. Bwana Shamba akafika na mgambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mbegu nyingine ziko wapi?"

"Tafuteni."

Walipekua jikoni, wakapekua hadi kwa kuku. Ukabaki mlango wa Zita.

"Humo mna mzazi," mama akasema. "Mwanamume gani kati yenu anaingia?"

Mgambo wakatazamana, wakaondoka.

Mvua ya mwaka ule mliiona wenyewe. Nyeupe zilioza zote. Za marehemu, nyingine zilioza, nyingine zikasimama. Kaya kumi na saba zilikwenda kumwomba mbegu, tukiwemo sisi wa ukoo tuliomwita mkaidi. Wa mwisho alikuwa Melania, mke wa Bwana Shamba. Alipimiwa sawa na wengine.

Kifua kilimshika Desemba 1978. Magari yalikuwa yamekwenda vitani, tukambeba kwa machela hadi hospitali. Alifariki Jumapili, tarehe 4 Februari 1979. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: "Mmeshapanda?" Hatukuwa tumepanda. Aibu yetu, tulikuwa tunamsubiri Bwana Shamba arudi kutoka semina.

Ameacha mume, mabinti Zita na Felisita, wajukuu saba, na mwanawe Pancras, aliye mstari wa mbele vitani, ambaye hadi saa hii hajui kwamba hana mama.

Chungu chake hiki hapa. Kila mmoja achote kiganja kimoja, akapande kesho. Bwana Shamba, tunakuona huko nyuma. Sogea uchote nawe, na usichague rangi.

Pumzika, mama. Tunakwenda kupanda.